Fyodorov: Daktari aliyetaka dunia nzima itupe miwani

Kama unavaa miwani, kero zake unazijua. Mvua ikikukuta stejini huwezi hata kusoma namba ya matatu. Ukifunua sufuria, mvuke unakupofusha. Ukiilalia usiku mmoja tu, imevunjika, na hela ya kununua nyingine hujui itatoka wapi. Na tangu shule ya msingi umeitwa macho manne hadi ukazoea.

Ndiyo maana vijana wengi mjini siku hizi wanaulizia leza. Ila kuna wanaofika kwa daktari wa macho wakiwa wamejipanga kabisa, hela ipo, likizo imeombwa kazini, halafu wakipimwa wanaambiwa konea yao ni nyembamba mno au namba ya miwani yao iko juu sana. Leza haiwafai. Hapo daktari hutaja njia nyingine: kuna lenzi ndogo, laini, inayopachikwa ndani kabisa ya jicho, nyuma ya lile duara lenye rangi, bila konea kukwanguliwa.

Wachache wanajua kwamba mizizi ya lenzi hiyo inafika hadi Moscow, kwa daktari aliyetembea na mguu wa bandia, aliyeendesha chumba cha upasuaji kama kiwanda na aliyewahi kuwania urais wa Urusi. Jina lake ni Svyatoslav Fyodorov. Cha ajabu ni kwamba umaarufu wake duniani ulitokana na upasuaji mwingine kabisa, wa kisu, ambao leo huwezi kumpata daktari makini akuufanyie ili uache miwani. Uliompa jina ndio uliokufa. Ule alioujaribu akiwa na karibu miaka 60, bila kelele nyingi, ndio uliozaa kitu tunachokitumia sasa.

Alizaliwa Agosti 8, 1927 katika mji wa Proskurov nchini Ukraine, ambao siku hizi unaitwa Khmelnytskyi. Baba yake alikuwa kamanda katika jeshi la Kisovieti. Mwaka wa 1938, enzi za Stalin ambapo mtu alikuwa anaweza kuchukuliwa usiku kwa neno la jirani, mzee huyo alikamatwa na kuhukumiwa miaka 17 katika kambi za kazi ngumu. Mvulana akabaki na doa la kuwa mtoto wa adui wa taifa. Hilo halikuwa jambo dogo, maana lilikuwa likifunga milango mingi.

Hata hivyo alikuwa na ndoto moja tu, kuwa rubani. Alijiunga na shule ya kuwaandaa vijana kwa ajili ya jeshi la anga, na huenda angefika. Lakini mwaka wa 1945, vita vikiwa vinaelekea ukingoni, tramu ilimkata mguu wa kushoto. Daktari akauondoa chini ya goti. Urubani ukaishia hapo, kijana akiwa hajafika hata miaka 18.

Wengine wangekaa chini na kulia. Fyodorov aliogelea, akapanda farasi, na maishani mwake mwote akawa mtu wa kuonyesha kwamba anaweza kufanya kila kinachofanywa na wenye miguu miwili. Nadhani hapo ndipo unapoanza kuelewa kwa nini aliichukia miwani hivyo. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani ilimbidi afunge mguu wa bandia, na miwani aliiona kuwa kitu cha aina hiyohiyo, mkongojo unaokaa puani.

Alisomea udaktari mjini Rostov, akahitimu mwaka wa 1952, akafanya kazi vijijini kando ya mto Don kisha katika mji mdogo wa milima ya Ural. Mwaka wa 1958 alifika Cheboksary, mji ulio kando ya mto Volga, kuongoza kitengo katika tawi la taasisi ya macho.

Wakati huo mtu mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho alitolewa lenzi iliyoingia ukungu, basi. Jicho lilibaki bila lenzi, na mgonjwa akapewa miwani minene kama kitako cha glasi maisha yake yote. Lakini London kulikuwa na daktari mmoja, Harold Ridley, aliyekuwa amewatibu marubani wa vita ambao vipande vya plastiki ya vioo vya ndege viliwaingia machoni. Aliona kwamba jicho halikuvikataa vipande hivyo. Mnamo Novemba 1949 akapachika lenzi ya plastiki hiyohiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa taaluma yake wengi walimkasirikia. Kazi ya daktari wa macho, walisema, ni kutoa vitu jichoni, si kuviingiza.

Fyodorov alizipata habari hizo akaona njia. Mwaka wa 1960 alimpachikia lenzi msichana wa shule aliyekuwa na mtoto wa jicho, upasuaji wa kwanza wa aina hiyo katika Muungano wa Kisovieti. Msichana akaona. Daktari naye akapigwa kalamu! Mkuu wa tawi alitangaza kwamba jambo lenyewe halina msingi wa kisayansi. Ilibidi gazeti la Izvestia liandike kuhusu matokeo yake ndipo akarudishwa kazini.

Hakukaa sana. Mwaka wa 1961 alihamia Arkhangelsk, bandari ya kaskazini yenye baridi isiyo na huruma, akafundisha na kupasua huko kwa miaka sita. Mwaka wa 1967 akaitwa Moscow, akapewa maabara yake. Akawa na watu, vifaa na sauti. Kwa mtu mwenye haraka kama yeye, hiyo ilikuwa petroli juu ya moto.

Sasa tuje kwenye kisu.

Asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho refu kuliko inavyotakiwa. Mwanga unakusanyika kabla ya kufika retina, ukuta wa nyuma unaopokea picha, kwa hivyo picha inatua ikiwa na ukungu. Huwezi kulifupisha jicho. Lakini konea, kile kioo cha mbele chenye unene wa nusu milimita hivi, ndiyo inayofanya karibu thuluthi mbili ya kazi ya kuupinda mwanga. Ukiifanya iwe bapa kidogo katikati, mwanga unasogea nyuma hadi unapotakiwa. Leza zote za leo zinazorekebisha kutoona mbali zinafanya hilo. Tofauti ni namna tu.

Mjapani Tsutomu Sato alilijaribu kwa kisu kabla ya Fyodorov, kuanzia miaka ya 1930. Yeye alikata konea kwa ndani pia, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu upande wa ndani una seli zinazofyonza maji ili konea ibaki angavu, na seli hizo zikifa hazioti tena. Wagonjwa wake walifurahi kwa miaka kadhaa. Baadaye konea za wengi zikavimba na kuwa nyeupe.

Inasimuliwa kwamba Fyodorov alipata ujasiri kutokana na ajali. Kijana mmoja asiyeona mbali alivunjikiwa na miwani usoni, vipande vikamkata konea. Majeraha yalipopona, jicho hilo likawa linaona vizuri kuliko lilivyoona awali. Mwaka wa 1974 Fyodorov akaanza kukata konea makusudi, kwa upande wa mbele tu: mikato iliyotoka pembezoni kuelekea katikati, kama spoku za baiskeli, huku sehemu ndogo ya kati ikiachwa bila kuguswa. Mikato ilizama karibu asilimia 90 ya unene wa konea. Kingo zikalegea, presha ya ndani ya jicho ikazisukuma nje, na katikati pakawa bapa. Dakika chache tu, na aliyeingia akipapasa ukuta alitoka akisoma saa ya ukutani.

Hebu fikiria habari kama hiyo inavyosambaa. Wageni walianza kumiminika Moscow. Mmarekani Leo Bores alikwenda kujifunza, na mwaka wa 1978 akaufanya upasuaji huo kwao. Ndani ya miaka michache Marekani ilikuwa imeingiwa na homa ya kutupa miwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakatwa.

Kwao Moscow, Fyodorov alikuwa ameshakwenda mbali zaidi. Aliona kwamba daktari mmoja akifanya kila kitu peke yake foleni haitaisha milele, kwa hivyo akajenga mkanda kama wa kiwanda cha magari. Wagonjwa walilazwa kwenye vitanda vinavyosogea vyenyewe. Daktari wa kwanza anaweka alama, kitanda kinasonga. Wa pili anakata. Anayefuata anakagua na kumalizia. Kila mmoja alifanya sehemu yake tu, mara mamia, hadi mkono ukajua njia. Kamera za televisheni za Magharibi zilipenda sana picha hizo, na madaktari wengi wa huko walishtuka. Jicho si gari, walilalamika.

Mimi nadhani kuhusu mkanda alikuwa na hoja. Fundi anayefanya kitu kimoja kila siku hukifanya vizuri, na maskini wa foleni hana anasa ya kuchagua daktari. Kosa lilikuwa kwingine, katika kile kilichokuwa kikifanywa juu ya mkanda huo. Ukikosea polepole, unakosea kwa watu 10. Yeye alikuwa na uwezo wa kukosea kwa watu laki.

Mwaka wa 1986, Gorbachev akiwa madarakani, taasisi yake ilipandishwa ikawa kituo kikubwa cha upasuaji wa macho chenye matawi katika miji mbalimbali. Akaruhusiwa jambo ambalo halikusikika katika nchi ya kikomunisti: kituo kijitafutie hela, kiweke fedha za kigeni, na wafanyakazi wagawane mapato kulingana na kazi. Kuanzia daktari hadi mfagiaji, kila mtu alijua akipata mgonjwa zaidi, mfuko wake unanona. Alikuwa na meli pia, iliyoitwa Peter wa Kwanza, yenye vyumba vya upasuaji ndani, ikafika Mediterania na hata Ghuba ya Uajemi kuwahudumia waliolipa kwa dola. Akafuga farasi. Akawa na helikopta. Jamaa aliyekosa kuwa rubani akajifunza kurusha ndege akiwa mtu mzima.

Wakati huohuo bili ya kisu ilikuwa ikiandikwa taratibu.

Wamarekani walikuwa wameanzisha utafiti wa kuwafuatilia waliokatwa, na mwaka wa 1994 matokeo ya miaka 10 yakachapishwa. Tuwe waungwana, habari njema ilikuwepo. Asilimia 85 ya macho hayo yaliweza kuona bila miwani kwa kiwango kinachotosha kupata leseni ya kuendesha gari kule Marekani. Lakini asilimia 43 yalikuwa yameendelea kubadilika, diopta moja au zaidi, kuelekea upande wa pili: mtu aliyekuwa haoni mbali akaanza kusumbuka na vitu vya karibu. Konea ilikuwa bado inalegea, miaka 10 baada ya kisu kuondoka. Wengine waliona vingine asubuhi na vingine jioni. Usiku taa za magari ziliwatokea kama nyota zenye miale. Na jicho lililokatwa hivyo likipigwa ngumi, lingeweza kupasukia palepale penye mshono wa zamani.

Kisa kilichowafungua watu macho hakikutoka hospitalini. Mei 1996, daktari wa Texas aitwaye Beck Weathers alikuwa akipanda mlima Everest. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mikato miaka kadhaa nyuma. Kule juu ambako oksijeni ni haba, konea zake zilivimba na kubadilika umbo, na alipokaribia kilele akawa haoni mbele. Akaketi kwenye theluji kumsubiri kiongozi wake ashuke. Dhoruba ikamkuta kule juu. Wenzake walimwacha wakiamini amekwisha, kisha akainuka na kutembea mwenyewe hadi kambini. Alipoteza mkono wa kulia, vidole vya kushoto na pua. Wanane walikufa mlimani katika dhoruba hiyo.

Wiki hizohizo Fyodorov alikuwa katika kampeni. Alikuwa ameunda chama kilichotaka wafanyakazi wamiliki viwanda vyao, kama alivyofanya hospitalini kwake, na Juni 1996 jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura za urais pamoja na la Boris Yeltsin. Alipata chini ya asilimia moja. Watu walimpa macho yao, kura wakampa mwingine.

Kufikia hapo kisu chake kilikuwa kimeshapata mrithi. Mwaka wa 1983, Mmarekani Stephen Trokel na wenzake walionyesha kwamba aina fulani ya leza, iliyokuwa ikitumiwa kwenye vifaa vya kompyuta, inaweza kukwangua konea tabaka jembamba sana kwa wakati mmoja bila kuichoma. Badala ya kukata kwa kina hadi konea ilegee, unaichonga juujuu. Mwaka wa 1995 Marekani iliidhinisha leza hiyo, na mikato ya spoku ikaanza kusahaulika.

Kijana anayeuliza leo anakutana na njia tatu za leza. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya zamani, inaondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea kisha leza inachonga. Inauma siku kadhaa na kuona vizuri kunachelewa, ila konea haiachwi na kifuniko, kwa hivyo madaktari wengi huipendekeza kwa wanaocheza raga au ndondi. Ya pili, LASIK, inakata kifuniko, inakiinua, inachonga chini yake na kukirudisha. Unaona kesho yake. Ya tatu inachonga kipande kidogo ndani ya konea na kukivutia nje kupitia mkato mdogo, bila kifuniko. Zote tatu zinapunguza konea, na kilichopunguzwa hakirudi. Ndiyo maana mwenye konea nyembamba anakataliwa, na akikataliwa ashukuru.

Na yule aliyekataliwa ndiye anayeturudisha kwa Fyodorov, mwaka uleule wa 1986 alipokuwa akihesabu dola na vitanda. Mtu aliyeanza safari yake kwa kupachika lenzi kwa msichana wa Cheboksary alijiuliza swali ambalo halikuhitaji kisu kwenye konea: je, lenzi ya bandia inaweza kuongezwa mbele ya lenzi ya asili ambayo ni nzima, ikafanya kazi ya miwani kutoka ndani? Alitengeneza ya silikoni, yenye umbo kama uyoga, iliyochomoza kupitia mboni. Haikuwa nzuri sana. Baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa ndani ya jicho, wengine ukungu kwenye lenzi yao ya asili.

Lakini wazo lilishika. Wengine waliisukuma lenzi nyuma kabisa ya duara lenye rangi, wakabadilisha silikoni kwa plastiki laini yenye kolajeni ndani yake, na mwaka wa 1993 lenzi ya kampuni ya STAAR ya Marekani ikapachikwa kwa mara ya kwanza. Desemba 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha. Ni upasuaji wa ndani ya jicho, kwa hivyo hatari ya maambukizi ipo, presha ya jicho inaweza kupanda na mtoto wa jicho anaweza kuja mapema. Tena mara nyingi bei yake iko juu kuliko ya leza. Lakini konea inabaki na unene wake, na mambo yakienda kombo lenzi inatolewa.

Fyodorov hakuishi kuiona siku hiyo. Juni 2, 2000 alikuwa akirudi Moscow kwa helikopta ya taasisi yake kutoka Tambov, kwenye mojawapo ya matawi yake. Helikopta ilianguka nje kidogo ya jiji, na wote wanne waliokuwa ndani wakafariki. Alikuwa na miaka 72. Taasisi aliyoianzisha leo ina jina lake.

Waliokatwa konea kwa njia yake miaka ya 1980 sasa ni wazee, na uzee umewaletea mtoto wa jicho kama unavyowaletea wengine. Wanarudi hospitalini kuwekewa lenzi ya bandia, ule upasuaji uliomfanya Fyodorov apigwe kalamu mwaka wa 1960. Kwa mgonjwa wa kawaida, mashine inapima konea na kutoa namba ya lenzi itakayomfaa. Kwa hawa, mashine inasumbuka, kwa kuwa konea haina tena umbo inalolijua. Madaktari hupima asubuhi, wakapima tena jioni, kisha wakachagua namba iliyo katikati.